Somo la 27: Binti wa Dereva na Sarufi ya Kiingereza

Likasi ni mji wa shaba. Zamani uliitwa Jadotville. Tangu mwaka 1966 unaitwa Likasi. Umo katika jimbo la Haut-Katanga, na kutoka hapo hata Lubumbashi ni karibu kilometa 120. Mchana na usiku malori hupita katika barabara kuu. Mengine yanatoka Kolwezi, mengine yanapakiwa papo hapo Likasi. Yanapita Lubumbashi, yanafika mpakani Kasumbalesa, kisha yanaingia nchi ya Zambia. Ng'ambo ya mpaka mji wa kwanza ni Chililabombwe, halafu Chingola, halafu Kitwe, halafu Ndola. Huko watu husema Kibemba na lugha nyingine nyingi, lakini karatasi za forodha na mabango ya barabarani ni kwa Kiingereza. Maana Zambia ilitawaliwa na Waingereza hata mwaka 1964, nayo Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji hata mwaka 1960. Kwa hiyo dereva wa Likasi hutoka nyumbani na Kiswahili na Kifaransa, na akiisha kuvuka mpaka, Kifaransa chake hakimfai kitu.

Katika mtaa wa Kikula alikaa dereva mmoja. Alikuwa na binti wa miaka 15, mwanafunzi wa sekondari, na mtoto wa kiume wa darasa la sita. Dereva alijua kwa Kiingereza maneno ya kazi yake, ya tairi na ya breki na ya pesa. Lakini barua hakuweza kusoma. Kila alipopata ujumbe wa Kiingereza aliupeleka kwa simu kwa binti yake, naye binti akaufasiri na kumrudishia. Kazi hiyo ilimpendeza binti. Pale mtaani watu walimjua kuwa ndiye anayesikia Kiingereza, na sifa hiyo, kusema kweli, ilimzidi kidogo.

Siku moja baba alikuwa amekwisha kufika Chililabombwe. Alisafiri pamoja na mwenzake mwenye lori la pili. Tairi la akiba lilikuwa moja tu kwa malori mawili, nalo lilikuwa katika lori la mwenzake. Huyo mwenzake alikawia mpakani kwa ajili ya karatasi. Ndipo baba alipopata ujumbe wa karani: "You don't have to wait for the second lorry." Akaupeleka Likasi.

Binti akausoma. "You have to wait" aliijua: unapaswa kungoja. Basi "you don't have to wait" ni nini? Akafanya kama mtu afanyavyo katika Kiswahili: unapaswa, hupaswi. Akaandika, "Baba, hupaswi kungoja lori la pili." Na katika Kiswahili, kumwambia mtu "hupaswi kungoja" ni kumwambia: usingoje, ni vibaya kungoja. Baba akawasha mtambo, akaenda peke yake.

Kabla ya kufika Kitwe tairi la nyuma likapasuka. Baba akashuka, akalitazama, akakaa juu ya jiwe. Usiku ukaingia. Alilala ndani ya lori kando ya barabara, na chakula chake kilikuwa mkate nusu, hata kesho yake saa nne mwenzake alipomfikia na tairi la akiba. Mzigo ukachelewa, na malipo ya safari ile yakapunguzwa.

Karani hakuwa na kosa. Maneno yake yalikuwa haya: si lazima kungoja lori la pili. Ukipenda ngoja, ukipenda nenda. Kama baba angalijua kwamba ana ruhusa ya kungoja, angalingoja, maana alijua vema tairi liko wapi.

Jioni baba akapiga simu nyumbani. Hakufoka. Alisema, "Mama, ule ujumbe ulikuwa ruhusa, haukuwa amri. Baada ya majuma matatu nitapita tena njia hii. Jitahidi." Kisha akamtumia franka 5000 za kununua mega. Binti alilia kidogo, akafuta macho, akaichukua simu.

Sasa, katika intaneti masomo ya sarufi ya Kiingereza ni mengi kuliko nyanya sokoni wakati wa mavuno. Hilo ndilo lililompoteza. Usiku wa kwanza alifungua video moja. Kijana mwenye tai nyekundu aliahidi kufundisha Kiingereza chote kwa siku 7. Alisema sana, muziki ukapigwa, saa moja ikapita, na sehemu kubwa ya mega ikaliwa. Juu ya "have to" hakusema hata neno moja.

Usiku wa pili alipata ukurasa wa mazoezi. Kila swali lilikuwa na majibu mawili. Ukigusa lililo sawa, maua yanatokea. Ukikosa, unatokea msalaba mwekundu. Basi. Sababu haikuelezwa. Binti akagusa, akakosa, akagusa lile lingine, akapata maua, akaendelea. Mwishoni ukurasa ukamsifu: 10 juu ya 10! Mdogo wake akasema, "Yaya, nipe na mimi." Yeye Kiingereza chake kilikuwa "good morning" tu. Akawa anagusa hapa na pale huku akitazama mbuzi waliopita mlangoni. Akapata 6 juu ya 10. Wakacheka wote wawili, lakini kicheko cha binti kilikuwa na uchungu.

Siku ya tatu umeme ulikatika Kikula, simu ikazima. Binti akaenda kwa Mama Sista anayefundisha Kiingereza.

"Mama Sista," alisema, "nimejifunza siku mbili, na ninachojua ni kilekile."

Sista akamwuliza, "Mama yako akikutuma sokoni kununua samaki, unafanyaje?"

"Natazama macho yake, kisha nafungua mashavu. Mashavu yakiwa mekundu, samaki ni mzima."

"Na yule mwuzaji anayepiga kelele kuliko wote?"

"Huyo ndiye mwenye samaki wa jana, Mama Sista."

"Haya. Kaa hapa. Leo tutafungua mashavu ya kurasa za sarufi."

Wakakaa kwenye benchi chini ya mwembe, simu ya Sista katikati yao. Sista akasema, "Kwanza uulize ukurasa jambo unalolijua tayari. Mgeni ukimwuliza njia ya kwenda kwako mwenyewe, utamjua upesi kama ni mkweli. Niambie, una miaka mingapi? Kwa Kiingereza."

"I am fifteen."

"Ni sawa. Lakini Kiswahili husema 'nina miaka 15', na Kifaransa nacho husema vilevile, 'nina'. Ndiyo sababu watoto wengi wa Katanga huandika 'I have fifteen years', na Mwingereza akiisoma hucheka. Sasa tuone kurasa zinasemaje."

Wakafungua tatu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kanuni nyingi, lakini mifano haukuwa nayo. Wa pili, katika mfano wake wenyewe, uliandika "He have 12 years": makosa mawili katika maneno manne! Wakaufunga mara moja. Wa tatu ulisema waziwazi: sema "I am twelve", usiseme "I have twelve years", ukaeleza kwamba katika lugha nyingi watu husema kuwa na miaka, bali katika Kiingereza mtu ni wa miaka hiyo. Sista akatikisa kichwa kwa furaha. "Aliyeandika hapa," alisema, "anajua jiwe tunalojikwaa."

Kisha Sista akashuka hata chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo watoto hawatazami. Huko huandikwa nani mwenye ukurasa. Je, ni shule? Ni chuo? Ni mwalimu mwenye jina? Au hakuna kitu ila matangazo ya dawa na ya viatu? Akamwonyesha masomo yanayoitwa LearnEnglish, ya British Council, ambalo ni baraza lililoanzishwa Uingereza mwaka 1934. Akamwonyesha tena masomo ya BBC, ambayo yalianza kutoa mafundisho ya Kiingereza kwa redio mwaka 1943, wakati wa vita, na leo yamo katika intaneti pamoja na maandishi yake. Akamwonyesha kamusi ya Cambridge, ambayo haina malipo, nayo ina kitufe cha kusikiliza kila neno.

Kitufe hicho kilimshangaza binti. Aligusa "mustn't", akasikia sauti, akagusa tena. Ile "t" ya kwanza haikusikika! Siku zote yeye alikuwa akiitamka, tena kwa nguvu. Jambo kama hilo karatasi haiwezi kulisema, lataka sikio.

Lakini jina kubwa si yote. Ukurasa waweza kuwa wa chuo kikuu, nao usimfae mtoto hata kidogo, kwa kuwa umeandikwa kwa ajili ya watu wazima wanaojua tayari. Kwa sababu hiyo ziko ngazi. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa ngazi sita za kupimia mtu anayejifunza lugha: A1 na A2 kwa waanzao, B1 na B2 kwa waliofika katikati, C1 na C2 kwa waliobobea. Siku hizi kurasa nyingi nzuri huandika ngazi juu ya kila somo.

"Nitaanza B2," alisema binti.

Sista hakubisha. Alimfungulia jaribio la B2. Binti akasoma swali la kwanza, akasoma la pili, akanyamaza. Wakashuka B1. Wakashuka A2. Hapo ndipo alipoweza kujibu, tena si yote. Haikumpendeza. Alikumbuka majirani waliomsifu, akaona haya. Lakini alikumbuka pia mkate nusu wa baba yake, akafungua daftari.

Katika LearnEnglish somo la sarufi lina umbo moja jema: kwanza jaribio, halafu maelezo, halafu jaribio lingine. Mwanafunzi anaona makosa yake kabla ya kufundishwa, na baada ya kufundishwa anapimwa tena. Binti alipata 3 kabla, na 7 baada. Hiyo 7 ilikuwa ndogo kuliko ile 10 ya maua, lakini hii ilikuwa yake. Sista alimfundisha jambo moja zaidi: akikosa swali, asiguse jibu lingine mpaka ameandika katika daftari, kwa Kiswahili, sababu ya kukosa. Kama hawezi kuiandika sababu, basi hajaelewa, hata kama baadaye atapata maua.

Na mega? Maandishi ni mepesi, video ni nzito. Saa moja ya video hula mega za kutosha kusoma kurasa mia na zaidi. Kwa hiyo mwenye franka chache asome kwanza, asikilize sauti fupi fupi, na video aiache kwa siku ya neema. Iko pia programu iitwayo Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007, ya watu wa Uswisi. Inaweka kamusi na vitabu vizima ndani ya simu au ndani ya kadi ndogo ya kumbukumbu, kisha mtu anasoma bila mega hata moja. Mwenye kuwa nayo huwapa wenzake. Kwa mji ambao umeme hukatika na mega ni ghali, hiyo ni kama ghala la unga kabla ya masika.

Ukurasa mmoja uliomba nambari ya simu ya mzazi na neno la siri kabla ya kufungua zoezi. Sista aliufunga bila kusema mengi. Sarufi haihitaji nambari ya simu ya baba.

Siku nyingine mdogo wake naye akaja, maana alikuwa amesikia kwamba siku hizi iko mashine ya kuzungumza: unaiandikia kwa Kiswahili, nayo inakujibu kwa Kiswahili. "Kwa nini Yaya ahangaike na ngazi?" aliuliza. Sista hakuidharau mashine. Walijaribu, ikaeleza vizuri juu ya "must". Lakini Sista akawaambia, "Itumieni kama mwenzenu wa kufanya naye mazoezi. Iambieni: nipe sentensi 5 za ngazi ya A2 nizikamilishe, kisha unisahihishe. Lakini kanuni ihakikisheni mahali pengine pawili. Kwa maana ikijua, hujibu kwa upole, na isipojua, hujibu kwa upole uleule, wala uso wake hauonekani ili tuone kama inasitasita."

Liko jambo lingine linalowachanganya wanafunzi. Kurasa mbili nzuri zaweza kupingana, na zote zikawa sawa. Mwingereza huuliza, "Have you already eaten?" Mmarekani mara nyingi huuliza, "Did you already eat?" Hakuna aliyekosa. Binti alichagua njia ya Kiingereza cha Uingereza, kwa sababu ndicho kinachofundishwa Zambia, na ndiko baba yake aendako. Kama baba angalikuwa na kazi Marekani, angalichagua vingine.

Tena kurasa hazidumu. Mwaka 1959 redio ya Marekani iitwayo VOA ilianza matangazo ya Kiingereza chepesi, yaliyosomwa polepole, kwa maneno kama 1500 tu. Watu wengi wa Afrika walijifunzia hapo. Mwezi wa Machi mwaka 2025 kazi ya redio hiyo ilikatizwa. Aliyeandika masomo katika daftari bado anayo. Kwa hiyo binti aliandika. Haya ndiyo maneno ya ukurasa wa kwanza wa daftari lake:

"You must wait." Ngoja, ni lazima.
"You have to wait." Ni lazima ungoje.
"You must not wait." Usingoje, ni marufuku.
"You don't have to wait." Si lazima kungoja, ukipenda, ngoja.

Tazameni vizuri, watoto. Sentensi mbili za kwanza zinafanana kama mapacha. Zikikanushwa zinaachana njia: moja inafunga mlango, nyingine inauacha wazi. Katika Kifaransa na katika Kiswahili mtu hukanusha neno la lazima, na mara nyingi linakuwa katazo. Ndiyo sababu shimo hili huwameza watu wa Likasi upesi kuliko wengine, na ndiyo sababu ukurasa usioeleza tofauti hiyo, hata ukiwa na picha nzuri, haukumfaa binti huyu.

Kusoma peke yake hakukutosha. Jioni, moshi wa makaa ukipanda uani, binti alimfanyia mdogo wake michezo. Akisema kwa Kiingereza, mdogo atende. "You must not touch the pot!" Mdogo akarudisha mkono. "You have to bring water." Akaleta maji. "You don't have to eat the bukari." Hapo mdogo akafikiri, akasema, "Si lazima, lakini nikipenda?" Akala bukari lote, na sombe pia. Mama aliuliza kilio na kicheko hicho ni cha nini. Akaelezwa. Toka siku ile mama naye akawa anasema "you don't have to" kila alipombwa pesa ya peremende, na hakuna aliyejua kama anasema kwa sarufi au kwa mzaha.

Majuma matatu yakaisha. Baba alikuwa njiani tena, mwenzake pamoja naye. Saa sita mchana simu ikalia. Ujumbe ulikuwa huu: "You must not park behind the weighbridge. You don't have to pay again."

Binti hakujibu mara moja. Neno "weighbridge" hakulijua, akalitafuta katika kamusi: ni mzani mkubwa wa kupimia malori. Kisha akafungua daftari, ukurasa wa kwanza, ingawa aliujua kwa moyo. Ndipo akaandika:

"Baba, usisimamishe lori nyuma ya mzani, ni marufuku. Na pesa, si lazima kulipa tena. Lori la pili liko wapi?"

Baba akajibu, "Liko mpakani bado. Nalingoja."

MAZOEZI

1. Kwa nini baba alilala njiani? Kosa lilikuwa katika neno gani?

2. Mdogo wake binti alipataje 6 juu ya 10 bila kujua Kiingereza?

3. Fasiri kwa Kiswahili: "You must not cross here." "You don't have to cross here." Mtu aliyesimama kando ya barabara kuu afanye nini akisikia ya kwanza? Na akisikia ya pili?

4. Tafuta ukurasa mmoja wa sarufi ya Kiingereza katika simu ya mkubwa wako, kwa ruhusa yake. Andika katika daftari: nani mwenye ukurasa, ni wa ngazi gani, na unasemaje juu ya umri wa mtu.